Upungufu wa Marehemu Mmoja

"Mumeo akiandikwa amekufa, utapungukiwa nini?" Somoe alimwuliza jirani yake Mwanne, mikono kiunoni. "Anakohoa tangu tulipovuna karanga!"

"Na wako anayekoroma kama jiwe la kusagia, mbona hukumtoa yeye?"

"Wangu hakuteuliwa!"

Ndani, Bwanali, mume wa Mwanne, akakohoa kwa hasira.

Mimi, karani wa akida, nilisimama katikati kulinda heshima ya serikali. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Bwana Hesabu, Mdachi aliyetumwa kutoka pwani, alichukua vifo vya mwaka jana, akajumlisha ukame, akazidisha kwa umbali wa kisima, akatangaza kwamba mwaka huu kijiji chetu hapa Newala kitafiwa na watu wanne. Tulijitahidi. Tulipofika Agosti tulikuwa na watatu tu. Akida Sadallah, mtu asiyependa kuwaangusha wakubwa, akamteua Bwanali awe wa nne, na shamba lake la muhogo ling'olewe, lipandwe pamba ya serikali.

"Lakini mimi ni mzima!" Bwanali akatokeza mlangoni.

"Kwa sasa, baba," nilimtuliza.

"Shamba likienda, tutatafuna pamba?" Mwanne aliniuliza.

Nilimjibu kwamba kutafuna hakumo katika kazi zangu.

Bwana Hesabu alikuwa ameamuru watu wote wapangwe uwanjani siku ya pili: atakayekuwepo ni hai, atakayekosekana ni marehemu. Akida akapanga kumfungia Bwanali ndani kwa mkono wake mwenyewe. Bahati mbaya, alfajiri zikaingia habari kwamba watu wa maji, wale waasi wa Maji Maji, wameshafika Masasi. Akida, aliyeapa jana yake kuzuia mikuki kwa kifua, akazama kichakani na kifua chake.

Kwa hiyo mlango haukufungwa. Bwanali akaja uwanjani, kaegemea bega la mkewe, akikohoa kwa madaha. Tukahesabiwa. Aliyekosekana ni mmoja tu: Akida Sadallah. Bwana Hesabu akavua kofia kidogo, akaandika, akatabasamu. Wanne kamili! Tarishi akaondoka mbio kupeleka ushindi huo pwani. Nafasi ya akida nikaishika mimi, kwa masikitiko makubwa.

Habari za Masasi zilipopoa, marehemu akatoka kichakani, kanzu imejaa mbigili.

"Niko hai!" akamwambia Bwana Hesabu.

Bwana akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akaiamini karatasi. Mimi nikamweleza kwa upole kwamba kuishi kwake ni kuitukana elimu ya Wadachi, na kosa hilo lina viboko. Akageuka, akaondoka. Marehemu wengi huwa wasikivu.

Jioni akasimama kando ya ua wa Mwanne, njaa imemkaba. Nyumba ilikuwa imefurika watu waliokuja kwenye msiba wake, ugali unasongwa, na hakuna aliyempa shikamoo.

"Jamani, si marehemu yule?" Somoe akaangua kicheko. "Hata hitima yake anaisimamia mwenyewe!"

Mwanne akamkunjulia mkeka.

"Pita ndani, baba, usione haya. Muhogo ni wa shambani kwetu, na msiba ni wako. Nawa mikono ule."