Diski Iliyokataa Kutoka kwa Bi Zuhura

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na kanzu nilikuwa nimeivaa!

Ngojeni niwaeleze. Kuna msichana, Salma, tunafanya kazi pamoja Shimanzi kwenye ofisi ya malori. Mimi na yeye tumeshakubaliana. Kilichobaki ni shangazi yake aliyemlea, Bi Zuhura wa Ndia Kuu. Na huyo si kikwazo kidogo. Hata paka wa mtaa wakimwona humpisha njia.

Sasa Bi Zuhura alitaka picha za harusi ya mwanawe ziwekwe kwenye kompyuta ya nyumbani. Mpiga picha wa harusi hiyo alikuwa nani? Mimi! Picha zote zimo kwenye diski yangu ya nje. Nikaona bahati imenibishia mlango. Nikapiga kanzu pasi, nikatoka Ganjoni na diski mfukoni, natembea kama daktari anayekwenda kupasua mtu.

Nikamkuta sebuleni na mashoga zake wawili. Tukasalimiana, tukaulizana hali mpaka za wajomba. Nikachomeka waya. Kufungua picha ya kwanza, mkono ukateleza, nikabonyeza video yangu moja ya siri. Nikaishusha upesi kabla haijatoa sauti. (Kuishusha, si kuifunga. Kumbukeni hilo. Mimi sikukumbuka.)

Picha zikanakiliwa zote. Bi Zuhura akafurahi, akanyoosha mkono kuuchomoa waya.

"La, Bi Zuhura! Usichomoe!" nikamaka. "Diski haing'olewi kama muhogo. Kwanza unaiambia kompyuta iiachilie, ndipo unachomoa. Ukiharakisha, mafaili yaharibika."

"Ala!" akasema, akiwageukia mashoga zake. "Kijana huyu ana elimu."

Jamani, nilivimba! Nikabonyeza pale pa kuondoa diski kwa usalama. Kompyuta ikajibu kwamba diski inatumika.

"Yuwaitumia nani?" akauliza Bi Zuhura. "Sisi sote tuko hapa, na hakuna aliyeigusa."

Nikajaribu tena. Inatumika. Mara ya tatu. Inatumika! Mashoga wakasogeza viti karibu waone elimu inavyofanya kazi.

Ndipo nikaiona ile video, imejikunyata chini ya skrini. Nikasema moyoni, niifunge. Kidole, kwa uadui wake, kikaifungua.

Skrini nzima, mimi. Chumbani kwangu, nimevaa kikoi na fulana iliyotoboka kwapani. Niliirekodi juzi nikifanya mazoezi ya kuposa. Na spika za Bi Zuhura ni zile za kusikizia taarabu, zinazosikika nyumba tatu.

"Bi Zuhura," nikasema mle ndani, kwa sauti ya khatibu, "nimekuja kwa heshima na taadhima kumuomba Salma..." Kisha nikakohoa. "Aah, wapi! Bibi huyu akinitolea macho nitasahau hata jina langu. Uso kama askari wa geti la bandari!"

Nikatafuta pa kuizima. Sikupaona. Nikafanya lile nililolikataza dakika tano zilizopita: nikaushika waya, nikauchomoa kama muhogo!

Sauti ikakatika. Picha ikaganda. Nikabaki pale skrini nzima, mdomo wazi, kidole kwapani.

Shoga mmoja akajiziba uso kwa leso, mabega yanamtikisika. Salma, aliyekuwa akitoka jikoni na sinia ya kahawa, akageuka na kurudi alikotoka. Mimi nikawa nalikodolea zulia macho.

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura, polepole.

"Labeka, Bi."

"Wazee unao?"

"Ninao, Bi. Nina baba, na mjomba wangu Likoni."

"Basi na waje wao. Waseme wao." Akaiangalia tena ile skrini. "Wewe siku hiyo ukae kimya."

Nimerudi nyumbani bila kunywa kahawa. Diski nimeichomeka, inalia kama kifaranga na haifunguki. Mwenye kucheka acheke, lakini acheke kimyakimya, maana nampigia mjomba simu sasa hivi na sijui kisa hiki nikianzie wapi.