Springi ya Marehemu Huckle

Jumatatu, 8 Machi 1909

Coventry. Mvua. Cheo cha mkuu wa wachoraji wa kiwanda chetu cha magari kiko wazi tangu mzee Huckle afariki Januari. Kitakuwa changu! Tajiri wetu, Bwana Ollerenshaw, anataka gari jepesi, basi mchoroni nimepunguza springi ya nyuma kutoka mapande saba ya chuma hadi sita. Tranter, mpinzani wangu, kaniuliza kama nataka kuua watu. Wivu tu.

Tatizo moja. Hapa kiwandani, anayebadili mchoro hutia herufi za jina lake pembeni, na siku ya majaribio yeye ndiye hukaa kiti cha nyuma, juu ya springi zenyewe. Na mgongo wangu huu? Thubutu! Nimetia J.H., Jabez Huckle, na tarehe ya Desemba. Marehemu hana mgongo wa kuumia.

Jumanne, 9 Machi

Sita imekatwa mchoroni. Imeandikwa tano. J.H., tarehe ya leo! Wino mbichi, umenichafua kidole. Nikamvaa Tranter. Kaapa si yeye, kaniambia nipunguze bia. Mshenzi.

Jumatano, 10 Machi

Niliufungia mchoro kabatini, ufunguo soksini. Asubuhi: nne. Tarakimu ya kutetemeka, kama alivyoandika mzee mwaka wake wa mwisho. Chumba kinanuka ugoro wake. Nimeogopa, nakiri. Nikaikwangua kwa kisu. Ikarudi nikiitazama, polepole, mstari baada ya mstari.

Hapo tajiri akaingia, akaona, akapiga makofi. Mapande manne! Litengenezwe upesi, lijaribiwe Ijumaa.

Ijumaa, 12 Machi

Kiti cha nyuma kitupu, maana mwenye herufi yuko makaburini. Gari limezunguka mji mzima na kurudi salama. Ila nyuma lilikuwa limelala, bodi karibu iguse magurudumu. Bayliss, dereva, kashuka uso umemparama. Kauliza yule mzee mnene tuliyempakia ni nani, na mbona hataki kushuka.

Kisha nyuma ya gari ikainuka yenyewe, springi zikilia. Bayliss kaacha kazi papo hapo.

Tajiri alikuwa anatazama saa, hakuona kitu. Kafurahi mno. Lakini kasema cheo ni cha mwenye herufi, na maiti halipwi mshahara. Tranter kacheka mpaka kapaliwa.

Jumamosi, 13 Machi

Ushindi! Mchoro umebadilika tena. Mapande mawili. Na pembeni, kwa mwandiko wa mzee: C.P. Cuthbert Pargeter. Mimi! Tarehe ni ya Jumatatu ijayo, siku aliyopanga tajiri kulijaribu tena gari.

Tajiri kaona, kanipa mkono na cheo. Tranter safari hii hakucheka. Kanishika koti, kanisihi kwa machozi nisipande hilo gari. Maskini, kijicho kimemzidi.

Nimeazima mto wa kukalia. Nyuma kuna nafasi ya watu wawili, na ni wazi mzee ananipenda, maana kanichagua mwenyewe nikae naye.