Viatu Vilivyopigwa Pasi

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaingia dukani na tabasamu la ushindi. Anataka sisi madobi tupokee na viatu vya kusafisha. Programu ya duka, aliyoiandika dada yake, marehemu mke wangu, haivitaki. Ikishindwa hadi Ijumaa, ananunua nyingine na hii anaifuta. Aifute! Nimemwambia kiatu ni kazi ndogo. Mimi, niliyejifunza kuprogramu kwa kuchungulia begani kwa mke wangu!

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu aliweka sharti: kapu la programu, yaani sehemu ya kusajili mizigo ya wateja, lipokee kitu cha aina yoyote, mradi kinafuliwa. Nikaandika kapu la viatu. Programu ikagoma hata kuanza. Ukatokea ujumbe, maneno ya mke wangu mwenyewe: "Hiki hakifuliwi, mpenzi. Fikiri tena." Nimekosea tena makusudi, niusome.

Jumatano, 5 Machi
Ujanja umepatikana! Sharti sijaligusa. Nimeandika kigeuzi cha kimyakimya: panapotakiwa vazi, kikija kiatu, programu inakigeuza vazi yenyewe bila kumuuliza mtu. Imekubali bila kununa. Shemeji kasema kumbe nina akili. Kichwa kimenivimba mchana kutwa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kiatu kikiwa vazi, lebo inatoka na maagizo ya vazi: loweka, kamua, piga pasi. Mpiga pasi wetu hana ubishi. Kapiga. Viatu vya ngozi vya bwana harusi, bapa kama bahasha! Nikamfokea, hukuona ni viatu? Akasema aliona, bosi, ila lebo ni yako. Bwana harusi nimempa vyangu vya harusi. Vilinibana siku ile. Mke wangu alinishika mkono nisichechemee.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaja na programu mpya mkobani. Nikakifuta kigeuzi mbele yake, aone mkosaji ni mimi. Ujumbe ukatokea. Kausoma. Kausoma tena. Kasema hata yeye dada alimkaripia hivyo hivyo, kwa upole wa kuudhi. Kafunga mkoba. Tukaandika kapu la pili lenye sharti lake: chochote kinachopakwa kiwi. Programu inabaki!

Jumamosi, 8 Machi
Mteja kaleta mwavuli uliovunjika, anataka usafishwe. Shemeji kasema tuukatae, hauna kapu. Hana jicho la ufundi huyu! Mwavuli hutoka nje, hulowa, hurudi na matope. Una tofauti gani na kiatu? Nimeandika kigeuzi kidogo tu. Mpiga pasi kauliza kiwi apake nje peke yake au na ndani. Nimemwambia afuate lebo.