Mume wa Dirisha la Wenyeji

Ngome kongwe ilikuwa na lango moja na madirisha mawili. Dirisha la kulia liliandikwa WENYEJI, na hapo mtu alilipa bei ya soda. Dirisha la kushoto liliandikwa WAGENI, na hapo mtu alilipa bei ya viatu. Si ndala, viatu vya ngozi. Kuta walizokwenda kutazama zilikuwa zile zile. Popo waliowachafulia mabega walikuwa wale wale, na hakuna popo aliyewahi kumhurumia mgeni kwa kuwa kalipa zaidi.

Kati ya madirisha hayo, mgongo ukutani, alisimama Balozi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya koti lake la suti, ambalo hakulivua hata jua lilipochemsha lami, na kwa namna alivyowapokea watu wa kila taifa kana kwamba ametumwa na serikali. Serikali haikuwa na habari. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni bila kibali na kuwasimulia historia ya ngome, historia ambayo aliitunga kila asubuhi akipiga mswaki.

Siku hiyo biashara ilikuwa imelala. Ndipo alipomwona mgeni mmoja, mwekundu kama nyanya, akiongozana na mkewe, mwanamke wa mjini pale pale. Wawili hao walilipita dirisha la viatu wakaenda moja kwa moja kwenye dirisha la soda. Askari wa lango akanyanyua kirungu. Mwanamke hakubishana, alinyoosha kidole tu kwenye ubao wa masharti. Chini kabisa, baada ya katazo la chupa na katazo la kuchora mioyo ukutani, kuliandikwa hivi: *Mgeni mwenye uhusiano wa ndoa na mwenyeji, akifuatana na mwenyeji huyo, atalipa kiingilio cha mwenyeji.*

Balozi alikuwa ameuegemea ubao huo miaka yote bila kuusoma. Sasa aliusoma mpaka midomo ikamkauka.

"Kumbe," alijisemea, "kilichokuwa kikininyima riziki ni ukapera!"

Akalisogelea dirisha la wenyeji. Ndani yake alikaa mchumba wake, binti mkata tiketi, mwenye macho mazuri na ulimi usiohitaji kunolewa. Baba yake alikuwa ametoa neno la mwisho: mahari yote iletwe Jumamosi, mkononi, bila hadithi. Ikikosekana, binti angepewa mwenye duka la dawa, ambaye tayari alikuwa ameleta salamu mbili na feni moja.

"Nataka kuoa," Balozi alisema.

"Najua. Jumamosi. Ukishindwa, naolewa na duka la dawa."

"Nataka kuoa leo. Kabla ya saa sita. Na jioni tena, wateja wakiwepo."

Akamweleza mpango. Binti alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Yaani utakuja hapa, mbele ya macho yangu, na wake zako?"

"Kwa ajili ya mahari yako, mpenzi."

"Na mkuu wa ngome akiuliza?"

"Ubao umesema ndoa. Haukusema cheti."

Binti alifikiri kuhusu feni ile. Ilikuwa feni nzuri, lakini mwenye kuileta alinuka dawa ya kikohozi.

"Haya, oa," alisema. "Lakini ukimshika mmoja wao mkono zaidi ya inavyohitajika kikazi, nitakukatia tiketi ya makaburini."

Hivyo ndivyo Balozi alivyoingia katika maisha ya ndoa. Na aliyaingia kwa heshima zote, maana alikuwa fundi, na fundi hulipua kazi za wengine, si zake. Kila mgeni aliyemvuta pembeni alimfundisha kwanza adabu za mke wa hapa: asitabasamu sana, alalamike kidogo kuhusu jua, na zaidi ya yote, asitoe pesa dirishani.

"Mume anayejiheshimu ndiye anayeingiza mkono mfukoni," alieleza. "Ukitoa noti wewe nami nimesimama tu, askari atajua mara moja kwamba hatujuani. Mimi nitalipa. Tukishaingia, pale nyuma ya mzinga wa vita, utanirudishia, na nusu ya ulichookoa itakuwa shukrani."

Wageni walifurahi. Watu waliokuwa wamevuka bahari kwa ndege walisisimka zaidi kwa kuokoa bei ya viatu kuliko walivyosisimkia ngome yenyewe. Balozi alioa mwalimu wa muziki. Akaoa mwanamke mrefu mpaka askari akacheka kwa kuinama. Akampata na mzee mmoja wa kiume, akamtambulisha kuwa ni mume wa dada yake.

"Balozi," askari alimnong'oneza, "huyu si wa jana."

"Wa jana tuliachana kwa amani."

"Na wa asubuhi?"

"Kunywa soda, kaka."

Askari alikunywa soda. Mkata tiketi naye alikata tiketi, na kila mara alikuwa na neno. "Karibu, mume wa watu. Hongera. Huyu anajua kupika?" Balozi alijikohoza tu na kulipa.

Zile shukrani alizishonea ndani ya koti, upande wa moyo, kwa sababu hakuiamini benki na alimwamini mwenye nyumba wake kidogo kuliko benki. Ilipofika Alhamisi, upande huo wa koti ulikuwa mzito hata akatembea ameinama kushoto. Mahari ilikuwa karibu kutimia. Kilibaki kidogo tu.

Hapo ndipo alipotokea Mama Kofia.

Alikuwa mgeni wa makamo, na kofia yake ya majani ingeweza kumpa kivuli mtu wa pili. Balozi alimpenda kabla hajafungua mdomo, maana alimkuta akibishana na muuza maji, kwanza juu ya bei ya chupa, halafu, bei ilipopungua, akitaka kujua angepunguziwa kiasi gani akiacha kifuniko. Tena alibishana kwa lugha yetu, aliyoizungumza polepole na kwa huzuni, kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni.

"Mama," Balozi alimwambia, "wewe si mgeni. Wewe ni mke wangu, hujajua tu."

Alimweleza. Mama Kofia alisikiliza neno kwa neno, akauliza swali moja tu: "Wewe unalipa kwanza?"

"Mimi ndiye mume."

"Ni desturi nzuri sana," alisema Mama Kofia.

Wakaoana. Nyuma ya mzinga alirudisha pesa mpaka sarafu ya mwisho, baada ya kubishania shukrani hadi Balozi akatokwa jasho. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya msiba: "Mume wangu, ninao ndugu hotelini. Wamejaa basi zima. Hao ni nani kwako?"

Balozi alijihisi mwepesi kama mtu anayeota anaruka. Nusu ya akiba ya basi zima! Si mahari peke yake. Hapo kulikuwa na suti mpya, karamu, na feni kubwa kuliko ya yule bwana.

"Ni mashemeji zangu, mke wangu. Nao shemeji hawana idadi. Hata wakijaza treni."

Asubuhi ya Ijumaa basi lilisimama mbele ya lango. Wakashuka mashemeji, wazee kwa vijana, kamera shingoni, na kila mmoja aliyempita Balozi alimpungia na kupaza sauti: "Shemeji! Shemeji!" Mama Kofia alikuwa amewafundisha neno hilo moja, akawaambia ndiyo salamu ya hapa. Askari alisahau kirungu. Hakuwahi kuona ukoo wenye furaha namna hiyo.

Balozi akapasua mshono wa koti, akaanza kuhesabu dirishani.

"Hizo si za baba?" mkata tiketi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zinakwenda kutembea. Zitarudi na wenzao."

"Waambie watangulize nusu."

"Mbele ya askari? Mkwe gani anawatoza mashemeji langoni?"

"Yule mkeo simwamini. Jana alinidai chenji niliyokwisha kukupa wewe."

"Huo ni wivu, mpenzi."

"Wivu?" Binti alizipokea noti, akaanza kukata tiketi moja baada ya nyingine mpaka utepe wake ukagusa sakafu. "Ningekuwa na wivu ningekuwa nimekufa tangu Jumatatu."

Koti likanyooka. Upande wa moyo ukawa mwepesi.

Nyuma ya mzinga Balozi alijiweka sawa, akafungua kiganja na tabasamu kwa pamoja. Mzee mmoja mwenye miwani akaja, akakipa kile kiganja mkono. Akasema "Shemeji!" Wa pili naye akafanya hivyo hivyo. Balozi akamtafuta mkewe, asimwone; kumbe alikuwa amerudi nje, akisema amesahau miwani kwenye basi. Basi akaomba malipo mwenyewe, kwa lugha yao, kwa upole kabisa.

"Lakini tumeshalipa," alisema mzee. "Jana usiku, hotelini. Tulimpa yule bibi bei kamili ya wageni, kila mtu. Alituambia ni kiingilio na kiongozi."

"Kiongozi yupi?"

"Wewe."

Balozi hakukimbia, mtu wa heshima hakimbii. Alitembea tu kwa namna ambayo koti lilibaki nyuma kidogo. Langoni alimkuta askari peke yake.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kapanda teksi. Na mabegi. Kaniachia ujumbe, 'Mwambie mume wangu nampenda.'" Askari akatikisa kichwa kwa kuguswa. "Mimi wa kwangu hajawahi kuniambia hivyo."

"Ameniibia! Ameondoka na pesa zangu zote!"

Kelele hizo zikamtoa mkuu wa ngome ofisini. Alikuwa mtu mfupi mwenye funguo nyingi, na alimtazama Balozi kwa utulivu wa mtu aliyesubiri siku hiyo.

"Nimesikia kuna kijana anaoa sana hapa langoni kwangu," alisema. "Nikuulize jambo moja tu. Huyo aliyeondoka ni mkeo, au si mkeo?"

Balozi akafungua mdomo.

"Fikiri kwanza. Kama si mkeo, huo ni utapeli. Nawapigia polisi sasa hivi. Teksi haijafika mbali, na pesa yako utaipata. Halafu nitakwenda pale," akaelekeza funguo kwenye dirisha la kulia, "nimuulize mkata tiketi alikata tiketi hizi zote kwa macho gani, na leo ndiyo itakuwa siku yake ya mwisho. Lakini kama ni mkeo, mambo ya mume na mke mimi siyaingilii."

Balozi alilitazama dirisha. Nyuma ya kioo binti alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza. Kule nje, mahali fulani barabarani, mahari yake ilikuwa inakwenda kwa teksi, na kila pumzi iliyopita ilizidi kuwa mbali. Maneno mawili tu yangeirudisha. *Si mke.* Ulimi wake, ambao ulikuwa umedanganya mataifa yote yenye bendera, sasa ulitakiwa kusema kweli, na kweli ndiyo iliyokuwa chafu.

"Ni mke wangu," alisema. Kisha akarudia kwa nguvu, mtaa mzima usikie. "Ni mke wangu wa ndoa! Tumekosana tu."

"Basi pole," alisema mkuu wa ngome, akionekana kukatishwa tamaa kidogo. "Haya, mashemeji zako wako ndani wanaungua jua. Mkwe mwema hawaachi wageni wake hivyo."

Kwa hiyo Balozi akawatembeza, bure, ngome nzima, mpaka juu ya mnara. Hakuwa na historia ya siku hiyo. Asubuhi alipiga mswaki kwa furaha tu. Basi akawasimulia iliyomjia: mfalme aliyekuwa na hazina, akampenda malkia wa mbali mwenye taji pana, na jinsi malkia alivyokwenda kuchukua miwani yake asirudi tena. Alisimulia kwa uchungu hata wanawake wawili wakatoa leso. Miaka yote ile hakuwahi kuielezea ngome vizuri hivyo.

Alipomaliza, akamwona mchumba wake amesimama kwenye ngazi. Alikuwa amefunga dirisha kwa mapumziko ya mchana na kupanda mbio, anahema.

"Umemaliza, mume wa watu?"

"Nimekwisha kabisa," Balozi alimjibu. "Mwambie baba yako..."

"Nyamaza, wewe."

Akawageukia wageni, akazungumza nao kwa lugha yao. Aliwaambia neno "shemeji" maana yake si salamu. Kwamba kwa kulitamka mbele ya lango, mara nyingi na kwa sauti kubwa, wamekuwa ndugu wa huyu bwana. Kwamba huyu bwana anaoa kesho, na bibi harusi ni yeye. Na kwamba shemeji wa hapa hateremki mnarani mkono mtupu siku ya kuamkia harusi. Zaidi ya nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Mzee wa miwani, aliyefikiri siku nzima kwamba anasalimia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni. Waliofuata hawakutaka kuonekana ndugu wabaya kuliko yeye. Binti aliupitisha mkoba wake kwa kila mmoja, akishukuru, akipokea busu la shavuni, akikumbusha kwa upole pale noti ilipokuwa ndogo, mpaka zipu ikagoma kufungwa.

Balozi alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, kwa mapenzi na kwa hofu. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete niziweke kwenye koti."

Binti akaubana mkoba kwapani, akaanza kushuka ngazi.

"Za baba nitampelekea mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Ukizishika wewe, kabla ya kesho utakuwa umeoa tena."