Kasha la Mwerezi na Ufunguo wa Karakana

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi ametutikisa! Amesema macho yake hayaoni tena mstari wa penseli, kwa hiyo Jumapili atakabidhi ufunguo wa karakana kwa mmoja wetu: mimi au Redio. Redio ni mtoto wa baba mdogo. Tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mtihani wenyewe: kila mmoja amtengenezee shangazi kasha la nguo kwa zile mbao za mwerezi zilizoegemea ukuta wa nyuma. Nondo wamelitoboatoboa koti la marehemu mumewe, na hataki kusikia habari ya mbao nyingine. Ufunguo ni haki yangu, mkubwa ni mimi. Redio akiupata, nitatumwa chai na mtu niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Jumanne, 5 Machi
Redio amehutubia tangu asubuhi. Mwerezi ni mwepesi. Mwerezi haupindi ovyo ukishakauka. Mchwa wanaukimbia kwa uchungu wake. Una mafuta ndani, ndiyo maana unanukia. Watu wanauchongea mitumbwi, wanautengenezea mizinga ya nyuki, sijui na nini tena. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikimwibia ubao mpana wenye wekundu mzuri. Debe tupu haliachi kuvuma.
Mbao ni laini kweli, randa inateleza yenyewe. Lakini vumbi lake! Nimepiga chafya mpaka mteja wa viti akaniombea dua.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechungulia kasha la Redio. Aibu tupu! Nje linang'aa, ndani mbao kavu, hajapaka kitu. Nikamuuliza kwa huruma kama vanishi imemwishia. Akasema ndani ya mwerezi hapapakwi. Ile harufu ndiyo inayofukuza wadudu, ukiiziba umeua kazi, halafu mafuta ya mti yakikutana na vanishi... Hapo nikawasha msumeno wa umeme.

Ijumaa, 8 Machi
Vanishi ndani, nimeirudia mikono mitatu! Sasa naona meno yangu kwenye sakafu ya kasha. Harufu imepungua kidogo, sikatai. Lakini harufu haionekani, na shangazi anapenda kitu cha kutazama. Nimelianika juani likauke upesi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimegusa ndani, kidole kikanata. Unyevu wa hewa tu.
Jioni nikambembeleza shangazi alilaze humo gauni lake la hariri, lile la kuvaa kesho mbele ya jamaa, ili alitoe mwenyewe watu wakiona. Alisita, kisha akakubali. Mimi ni fundi wa mbao na wa watu pia.

Jumapili, 10 Machi
Siku mbaya.
Jamaa wote sebuleni. Redio akafungua lake kwanza, harufu ikajaa chumba kizima. Shangazi akafumba macho, akasema mumewe alikuwa akirudi nyumbani ananukia hivyo hivyo. Hata Redio akanyamaza!
Zamu yangu. Shangazi akalishika gauni, gauni likakataa. Akavuta. Nikamsaidia kuvuta. Baba mdogo naye akaja kuvuta. Mlio wa hariri ikichanika nausikia mpaka sasa. Mgongo wote wa gauni umebaki kwenye sakafu ya kasha. Shangazi akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko kofi, ni nani aliyenifundisha kupaka vanishi ndani ya mwerezi. Ufunguo kapewa Redio. Nimejifungia chooni nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumanne, 12 Machi
Redio sasa anaitwa Bosi, kwa agizo lake mwenyewe. Kanipa msasa nikwangue vanishi yote. Nimetafakari sana nikikwangua, na kosa nimeliona: mikono mitatu ilikuwa michache.
Shangazi bado hanisemeshi. Hilo linaniuma kuliko ufunguo. Lazima nimfurahishe kwa kitu kidogo, cha kila siku.
Bosi kaanza hotuba nyingine, eti mwerezi na chakula havikai pamoja, kwa sababu... Nikasugua kwa nguvu zaidi ili nisisikie. Wivu huo! Ameshahisi nina wazo.

Alhamisi, 14 Machi
Ushindi! Juzi nilikusanya vipande vya mwerezi vilivyobaki, nikamtengenezea shangazi kijikasha cha sukari chenye mfuniko wa kubana. Ndani sikupaka kitu, kavu kabisa. Nani kasema sijifunzi? Nikakijaza sukari, ikakaa humo usiku mbili ikolee.
Leo nimemwandalia chai mwenyewe, vijiko vinne. Akapiga funda moja kubwa. Akabaki nalo mdomoni. Akanitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena, machozi yakamlengalenga. Akameza kwa shida, chai ikinukia kama kasha la Redio.
Nimemjazia kikombe cha pili.