Mchwa wa Madoa ya Buluu

Jumatatu, 10 Juni
Kazi imepatikana! Dokta Noemia, yule mtafiti wa wadudu aliyefikia pale shuleni, anataka mtu wa kumwongoza msituni msimu mzima. Viatu vipya vya mpira! Boti yenye injini! Sharti moja: umletee mchwa wenye madoa ya buluu mgongoni. Kijiji kizima kimeshika mapanga. Hata Zuleide, dada wa mke wangu, anaapa kupasua kila gogo bovu. Ati mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nitainua kitanda.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda msituni, ili nionekane tu. Nikakaa juu ya gogo kuwaza. Mchwa wakanipandia, nikawaponda kwa makalio. Nyumbani mke wangu Ivanilde akauliza suruali imepata nini, inanata na ina buluu. Nikamjibu aachane na mambo ya utafiti.

Kisha nikaliona jenipapo mezani. Tunda la rangi! Nikalikamua. Nikabomoa kichuguu cha kwenye mti nyuma ya choo, nikawapaka mchwa mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku. Utomvu wake ni kama maji matupu, rangi haionekani. Nikaongeza. Bado. Nikaongeza tena, huku najifuta jasho kwa mkono uleule. Marehemu bibi alisema jenipapo linataka subira. Bibi alikuwa na muda.

Jumatano, 12 Juni
Mchwa wamekuwa buluu! Na mimi pia. Paji la uso, pua, shingo. Nimesugua kwa sabuni, majivu, mchanga. Wapi! Ivanilde amecheka mpaka akaunguza mkate wa muhogo. Anasema itatoka baada ya wiki, pengine mbili. Na kesho ni mimi wa kubeba bendera ya Mtakatifu Antonio!

Nikashusha kofia, nikapeleka chupa yangu ya mchwa. Dokta alichungulia kwenye kioo chake cha kukuzia. Akasema hawa ni askari wenye pua kama sindano, ya kurushia gundi. Anaowatafuta yeye, askari wao wana taya zilizopotoka, na madoa huwa kwa vibarua tu, tena wazee wenye meno butu. Mawili tu, pale kifua kinapokutana na tumbo. Ukiwabana wanajipasua na kukumwagia utomvu wa buluu unaonata. Wangu walikuwa buluu mpaka miguuni.

Halafu akaniinua kofia.

"Na wewe, Bwana Deusdete, ni askari au ni kibarua?"

Zuleide alikuwa mlangoni. Amesikia kila kitu, shetani yule.

Alhamisi, 13 Juni
Nimebeba bendera. Watoto waliacha kumtazama mtakatifu, wakanitazama mimi. Padri akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Niliona aibu sana.

Baada ya maandamano Ivanilde akamtolea Zuleide suruali yangu ya Jumanne, ili wanicheke vizuri. Zuleide hakucheka. Aliishika, akaugusa ule unato, akauliza nilikaa wapi. Nikamweleza kwa fahari: gogo la njia ya kisimani, lenye uyoga wa njano.

"Ahsante sana, shemeji," akasema.

Hajawahi kuniambia ahsante tangu nimwoe dada yake. Nadhani hatimaye ameanza kuniheshimu.

Ijumaa, 14 Juni
Zuleide amepata kazi! Amepita mtoni mbele ya nyumba yangu na boti ya injini, miguu juu, ili nivione viatu. Mchwa wametoka kwenye gogo langu! Nililolikalia mwenyewe! Nikamwambia Ivanilde huu ni wizi wa mchana.

"Bahati ilikufuata mpaka makalioni, mume wangu," akasema, "ukaikalia."

Mke hana huruma. Lakini nimetafakari na kosa nimeliona: rangi. Jenipapo linachelewa mno. Nasikia mwakani Dokta atatafuta mchwa wa kichwa chekundu, na rangi nyekundu ya mbegu za mzingefuri haichelewi, inaonekana papo hapo. Nimeshaponda bakuli zima. Safari hii sikurupuki, nimeijaribu kwanza shavuni.

Inakaa vizuri sana juu ya buluu.