Zinia za Kumpokea Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Machi
Mama mkwe anakuja mwezi wa tano. Safari iliyopita alisema mbele ya ukoo mzima kuwa mimi hata nikipanda jiwe litanyauka. Sawa. Nitampokea kwa maua ya zinia, mekundu, ya manjano na ya zambarau, kuanzia getini hadi mlangoni. Mke wangu kauliza kama nimesoma maelekezo kwenye pakiti. Maelekezo ni ya watu wasio na kipaji. Mbegu zote nimezimwaga kwa mkupuo mmoja. Jirani yetu seremala kachungulia juu ya ukuta, kasema zitabanana. Wivu mtupu.

Jumanne, 12 Machi
Zimeota! Nimepiga kelele mpaka mke wangu katoka mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua. Ila miche ni ya aina mbili. Mingine midogo, minyonge, ya kusikitisha. Mingine minene, shina jekundu, ina haraka zake. Mwenye macho haambiwi maua ni yapi. Seremala kanisihi nisubiri kidogo kabla ya kung'oa. Nikamwambia, fundi, wewe shughulika na mbao. Minyonge yote nimeing'oa na kuirusha nje. Imeangukia uani kwake. Bahati mbaya, lakini si mbaya sana.

Jumapili, 14 Aprili
Zinia zangu zimefika kiunoni. Zinakua kama zimeahidiwa cheo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kazikodolea macho, kisha kauliza kama nina uhakika. Nimempa somo la nusu saa. Nimempigia simu mama mkwe pia: aje na miwani ya jua, rangi zisimuumize.

Jumamosi, 11 Mei
Kashuka kwenye teksi na miwani yake. Kasimama mbele ya bustani. Kaivua. Kauliza taratibu maua yako wapi. Nikamwonyesha.

"Mkwe wangu," akasema, "haya ni magugu."

Kisha akatazama ng'ambo ya ukuta, akashika mdomo. Uani kwa seremala zinia zilikuwa zimewaka kila rangi. Seremala, bila hata haya, akaeleza kuwa aliokota miche niliyomrushia, akaipanda kwa nafasi. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Seremala kamkatia mama mkwe shada kubwa, kakaribishwa chai kwangu, kakalia kiti changu.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari tangu asubuhi na siri nimeigundua. Zinia hazikustawi mpaka ziliporushwa juu ya ukuta! Zinapenda kurushwa. Kesho nanunua mbegu za alizeti. Nitasimama uani kwa seremala, nizirushe zije kwangu. Kanipa ruhusa palepale, hata kaahidi kunishikia ngazi. Mama mkwe alikuwa aondoke kesho alfajiri. Kaahirisha safari, kasema hili hawezi kulikosa.

Hatimaye kaanza kuniamini.